Mke Mwenza wa Dirishani

4 Desemba

Wamemrudisha mume wangu jana. Wanaume wawili wa gari la wagonjwa walimbeba kwa machela, wakamlaza kwenye kitanda nilichokisogeza karibu na dirisha, wakaniambia pole mama, wakaenda zao. Kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia pamoja na ulimi. Daktari anasema akili yake iko palepale, anasikia na anaelewa kila kitu, ila neno ndilo halitoki. Nikamwambia, "Basi hajabadilika sana, daktari." Akadhani nimechanganyikiwa kwa uchungu, akanishika bega.

Wifi yangu, dada yake, alilia mpaka mtandio ukalowa. Akaniambia, "Wifi, Mungu akupe nguvu. Huyu sasa ni mtoto wako." Nikaitikia. Sikumwambia kwamba mtoto wangu nilishamzika.

Naandika kwa sababu nikimwambia mtu haya ataniona nina roho mbaya, na atakuwa hajakosea. Tulikuwa na binti mmoja. Tulimwita Chiriku, maana alikuwa hanyamazi, hata usingizini alikuwa anabishana na watu. Homa ilimchukua akiwa na miaka tisa, na sasa ni mwaka wa kumi na mbili. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Nikachoma nguo zake, viatu vyake, madaftari yake, nikasema jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba hii, kwa sababu kila likitajwa nilikuwa nakufa upya. Yeye Fundi, ndivyo mtaa mzima unavyomwita kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza saa, hakudondosha hata tone. Siku ya tatu baada ya mazishi alitoka asubuhi, akarudi na kichipukizi ndani ya kopo lililokatwa, kama wanavyouza wauza miche wa barabarani. Mtoto hajapoa kaburini, mtu kaenda kununua maua!

Ni waridi la jangwani. Sasa liko kwenye chungu kikubwa hapo dirishani, shina limevimba chini kama kitunguu, matawi manene, majani yako nchani tu. Miaka yote hii mimi nilikuwa naambiwa chumvi imezidi au chumvi imepungua. Mche ule alikuwa anauinamia na kuunong'oneza. Ndiyo maana mimi nauita mke mwenza.

Nataka kitu kimoja tu kabla hajafa. Nataka nimwone analia.

5 Desemba

Nimemwogesha. Mzito ajabu.

9 Desemba

Amekuja dada wa mazoezi, yule msichana wa hospitali atakayekuwa anakuja kila wiki kumnyoosha viungo. Mchangamfu, anaongea na mgonjwa utadhani wako sokoni. Ndiye aliyetufundisha kuzungumza. Ameuweka mkono wa kushoto wa Fundi juu ya wangu, akasema, "Baba, mama akikuuliza, ubane. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Umenielewa?"

Akabana mara moja. Vidole vya fundi saa vile, vikavu, vina nguvu bado. Sikumbuki mara ya mwisho kunishika ilikuwa lini.

"Muulize kitu, mama," dada akanihimiza.

Nikamuuliza kama ameshiba. Mara moja. Nikamuuliza kama uji ulikuwa na chumvi ya kutosha. Dada akacheka, akasema, "Mama wewe, chumvi si amekatazwa!" Najua amekatazwa. Ndiyo raha yangu ya kwanza mwaka huu.

Kisha nikamuuliza, "Niumwagilie maji mche wako?" Akabana mara mbili.

Nikamwangalia usoni. Kiburi gani hiki? Mtu hata mate yake anafutwa na mimi, lakini kuniomba maji ya mche wake hataki. Sawa. Nilikuwa nimeshaamua hata kabla ya kuuliza. Tone la maji halitaugusa. Utakauka mbele ya macho yake, jani baada ya jani, na yeye amelala hapo hana la kufanya, kama mimi nilivyokaa pembeni ya kitanda cha mwanangu sina la kufanya. Nimeusogeza kidogo ili ukae kwenye jua kali na yeye auone vizuri.

Sijawahi kuushughulikia mche huo. Nilikuwa nafagia kuuzunguka tu. Kila kiangazi alikuwa anaubeba kwenda nao kwenye kibanda chake cha bati, kule anakotengenezea saa, na kuurudisha umejaa maua. Mwaka huu hauendi kokote.

17 Desemba

Majani yameanza kuwa ya njano. Nimeshona sare sita za shule leo na cherehani imeenda vizuri, sijui ni kwa sababu ya mafuta niliyotia au ni furaha.

18 Desemba

Jua kali. Hakuna upepo.

28 Desemba

Asubuhi nimekuta majani manne chini. Nikaliokota moja, nikamwekea kiganjani. Nikamwambia, "Shika, baba. Mwenzio anaondoka." Akalifumbata. Nikangoja macho yake. Makavu.

"Niumwagilie?"

Mara mbili.

"Una uhakika? Anakufa huyu."

Mara mbili tena, na safari hii alibana kwa nguvu. Haya, tutaona nani atachoka.

6 Januari

Wifi amekuja na matunda na sabuni. Akamkagua kaka yake mgongo mzima, hakuona kidonda hata kimoja. Akanikumbatia. "Wifi yangu, umemtunza kama yai. Wenzako wangeshamtupia ndugu zake." Majirani nao wanasema hivyohivyo. Dukani siku hizi napewa nafasi mbele ya foleni, mke mwema anapita.

Na kweli namtunza. Namgeuza ubavu kwa saa, namkata kucha, namnyoa, shuka zake unaweza kumlaza mtoto mchanga. Simtaki afe. Akifa kabla hajalia nitakuwa nimepata hasara.

Alipokuwa anaondoka wifi alisimama mbele ya mche. Umebaki na majani ya kuhesabika. Akaushika shina, akalibonyeza kwa kidole gumba. "Mh. Usiache kuutazama na huu, wifi. Anaupenda."

"Nautazama kila siku," nikamjibu. Sikusema uongo.

15 Januari

Jani la mwisho limeanguka. Mke mwenza kabaki uchi. Nimemwuliza Fundi swali lile, naye kanijibu jibu lile.

20 Januari

Joto. Hata nzi wamechoka.

2 Februari

Leo yalinishinda.

Ilikuwa mchana, nimemaliza kumlisha, namfuta kidevu. Ghafla nikasikia mdomo wangu unalitaja jina. Sijalitaja miaka kumi na miwili. Nikamwambia, "Chiriku alikuita, unajua? Ile siku ya mwisho. Aliniuliza baba yuko wapi, nikamwambia anakuja. Ulikuwa kibandani unatengeneza saa ya mtu. Saa ya mtu, Baba Chiriku! Nilimtuma jirani akuite mara mbili. Ulipofika alikuwa ameshanyamaza, yeye ambaye hajawahi kunyamaza."

Ananitazama. Jicho la kulia linalegea, la kushoto limenikazia.

Nikaendelea. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyameza: jinsi nilivyomwosha mwenyewe, jinsi nywele zake zilivyokuwa bado na mafuta niliyompaka juzi yake. Jinsi watu walivyojaa uani wakilia, hata yule mama mwenye duka aliyekuwa anamgombeza kila siku kwa kumwaga maji barazani, na baba mtu amesimama kama amekuja kusoma mita. Nilimwambia kwamba usiku ule nilingoja alie hata chooni, nisikie sauti tu, tuwe wawili. Nililia peke yangu kama mjane, na mume nilikuwa naye.

Nikaushika mkono wake. "Nijibu. Ulimlilia mwanao hata siku moja?"

Akabana mara moja.

"Mwongo," nikamwambia. "Wapi? Nani alikuona? Mwongo mkubwa!" Nikautupa mkono ule juu ya shuka kama kitambaa cha mezani, nikaenda jikoni kuosha bakuli lake. Hata sasa bado nina hasira. Mtu ambaye hawezi kusema neno moja, na bado anaweza kudanganya!

3 Februari

Nimemgeuza, nimemlisha, nimemwogesha. Sijamwuliza chochote.

11 Februari

Kuna vitu vyekundu vidogo kwenye ncha za matawi. Nadhani ni ugonjwa.

19 Februari

Si ugonjwa.

Nimeamka nimekuta limechanua. Lote! Hakuna jani hata moja, ni maua matupu, ya waridi pembeni na meupe kooni, yamejaa mpaka matawi hayaonekani. Nilisimama mlangoni na beseni la maji ya kuogea, nimeduwaa.

Dada wa mazoezi alipoingia akapiga vigelegele. "Mama! Una mkono wewe! Mama yangu anao wa hivi, miaka minne hautoi hata ua moja, kila siku namwambia anaudekeza. Huu mti mpaka uuadhibu, mama. Unautesa kwa kiu kwenye jua kali ndiyo unachanua. Maji mengi ndiyo sumu yake, unaoza mizizi. Nani alikufundisha?"

Nani alinifundisha! Nikageuka kumtazama mwalimu wangu. Upande wa kushoto wa mdomo wake ulikuwa umepanda juu. Anacheka. Miezi miwili na zaidi namwuliza niumwagilie, ananiambia hapana, hapana, na mimi mjinga najiona namtesa, kumbe nilikuwa kibarua wake. Nimemfanyia kazi aliyokuwa anaifanya yeye kule kibandani, tena bila hata kumlipisha. Na yeye kila siku analala hapo anahesabu siku za maua.

Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema. Mshindo umenipata mimi.

20 Februari

Nimelala nalo. Nimeamka nalo. Sumu yake maji, amesema yule msichana.

Nimejaza jagi bombani. Nikasimama mbele yake, nikauweka mkono wake juu ya wangu, nikauliza kwa upole kabisa, "Niumwagilie?"

Mara mbili.

Nikamimina jagi zima.

21 Februari

Jagi. Mara mbili.

22 Februari

Jagi. Mara mbili. Ameniachia alama za kucha.

24 Februari

Maji yanatoka chini kwa kasi, hayakai. Nimeliziba tundu lililo chini ya chungu kwa kipande cha kitambaa cha sare kilichobaki, nikakikandamiza kwa mkasi mpaka kikaingia barabara. Sasa yanakaa. Fundi alinitazama mwanzo mpaka mwisho. Nilimwonyesha kitambaa kabla ya kukitia, kama muuzaji anayemwonyesha mteja.

27 Februari

Dada wa mazoezi ameshika udongo, akanitazama. "Mama, maji haya si mengi?"

"Naudekeza kidogo," nikamwambia. "Umetupa maua mazuri, na wenyewe upate raha."

Akajifuta udongo vidoleni. Alipokuwa anamnyoosha Fundi mkono akasema leo baba amekaza sana, kuna kitu kinamsumbua?

2 Machi

Mvua ya kwanza. Nimefungua dirisha ili na yenyewe iingie.

5 Machi

Maua yanaanguka, si kwa kunyauka, yanaanguka mabichi. Kuna harufu chumbani. Nilidhani ni yeye, nikamgeuza nikamkagua, yuko safi. Ni mche.

Swali langu bado namwuliza kila asubuhi. Jibu lake bado ni mara mbili, lakini hana nguvu tena. Amekula vijiko vitatu tu.

9 Machi

Amelia.

Niandike taratibu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nilibonyeza shina, kidole kikaingia mpaka ndani kama kwenye papai lililooza. Maji ya kahawia yakatoka. Nikaubeba mche na chungu chake nikauweka kitandani, pembeni yake, nikachukua kidole chake mwenyewe cha shahada, kidole kilichokuwa kinashika skurubu ndogo kuliko punje ya mtama, nikakizamisha pale. "Sikia," nikamwambia. "Ndivyo anavyokuwa mtu aliyekufa mikononi mwako."

Kwanza ilikuwa sauti. Sauti ambayo sikujua anayo, inatoka chini tumboni, haina neno. Halafu macho yakajaa, yote mawili, hata lile lililokufa. Yakamiminika yakaingia masikioni, yakalowesha mto. Kifua kinapanda na kushuka, mdomo umepinda, kamasi zinamtoka kama mtoto mdogo. Muda mrefu. Mvua ikapungua, yeye hajapungua.

Nitasema kweli, nilifurahi. Miaka kumi na miwili nilikuwa na deni hili moyoni na limelipwa. Nilimtazama mpaka nikashiba. Kisha nikataka zaidi. Nikamshika mkono.

"Machozi haya ni ya mche?"

Mara mbili.

Nikashtuka. Nikauliza tena kwa namna nyingine, "Ni ya nani basi? Ni ya Chiriku?"

Mara moja. Akaushikilia mkono wangu, hakuuachia.

"Mwongo," nikamwambia. Lakini nilisema kwa sauti ndogo. Nikauvuta mkono wangu, nikaurudisha mche dirishani, nikabadilisha foronya.

11 Machi

Hataki kula. Anafumba mdomo nikileta kijiko.

14 Machi

Wifi amekuja na mvua yake mwilini, viatu mkononi. Nilimwita mimi, kwa sababu ya kutokula. Aliingia chumbani anasema, "Haya kaka, nasikia unamsumbua wifi yangu," halafu akauona mche. Tawi moja lilikuwa limeshalala, shina limebonyea katikati, maji ya kahawia yamesimama juu ya udongo.

Alipiga ukelele nikadhani Fundi amekufa.

"Wifi! Mmeuacha ufe? Mche wa mtoto?"

"Mtoto gani?"

Akanitazama, akamtazama kaka yake. Kaka yake alifumba macho. Wifi akakaa kwenye kiti cha cherehani, akanisimulia mtandio uko mdomoni. Likizo ile ya mwisho aliyokwenda kukaa kwake, Chiriku alipewa mbegu na jirani yao, akaipanda mwenyewe kwenye kopo la siagi. Kila asubuhi alikuwa anainama anaisimulia habari. Alisema ni zawadi ya baba, asiambiwe mtu, siri mpaka itoe ua. Likizo ikaisha, kopo likabaki kwa shangazi. Halafu homa.

"Siku ya tatu baada ya kumzika alikuja kwangu," wifi akasema. "Nilimpa lile kopo. Wifi, yule mtu alilia jikoni kwangu mpaka nikafunga mlango watu wasimwone. Alijipiga kichwa ukutani. Alisema mtoto alimwita, hakufika."

Nilimsikia nikiwa nimesimama, jagi liko mkononi. "Kwa nini hakuniambia?"

"Ulikataza jina la mtoto lisitajwe. Ulichoma mpaka viatu. Aliogopa na huu utauchoma. Nilimwambia, kaka, mwambie mkeo, akasema atakuambia ukishapoa." Akapangusa uso. "Mimi nilidhani mmeshaambiana zamani. Unavyoutazama kila siku!"

Kisha akaniinukia, akanikumbatia mimi. Akaniambia nisijilaumu, hakuna anayeweza kuuguza mtu na kukumbuka miche pia, na maji yakimwagika hayazoleki. Nilisimama ndani ya mikono yake. Niliona anaangalia chungu juu ya bega langu. Hakukiona kitambaa, kiko chini.

15 Machi

Nimeukata. Nimechukua mkasi wa kazi, nimeanzia kwenye shina, natafuta mahali palipo pakavu, hata padogo pa kuotesha upya. Nimekata inchi kwa inchi kwenda juu. Katikati ya kila kipande kuna doa la kahawia. Nimefika mpaka kwenye ncha ya tawi la mwisho, unene wa kidole cha mtoto. Na yenyewe ina doa.

Nilikuwa nafanya haya mbele yake. Sikuwa na mahali pengine pa kufanyia.

16 Machi

Ameanza kula. Vijiko sita. Ananitazama wakati wote.

17 Machi

Mvua imekatika tangu asubuhi. Nimemwogesha, nimemnyoa, nikakaa kitandani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu juzi na yote yakanipotea. Nikauweka mkono wake juu ya wangu.

"Baba Chiriku. Nilidhani hukumlilia. Nilikuwa sijui."

Mkono umetulia.

"Nikuombe msamaha?"

Mara mbili.

"Nimwite wifi akuchukue, akutunze yeye? Mimi hunitaki tena?"

Mara mbili. Sijui nilichotegemea. Nilishusha pumzi, nikajidanganya kidogo.

Chungu kilikuwa mlangoni, na vile vipande vyote nimevirudishia ndani, nilitaka kukitoa kabla ya majirani kusikia harufu. Nikamwambia, "Basi ngoja nikautupe huu, chumba kinanuka." Akabana mara mbili, haraka, kabla sijamaliza.

"Nisiutupe? Unataka ukae hapo dirishani, ulivyo hivyo?"

Mara moja.

"Mpaka lini?" Hilo hawezi kulijibu kwa mkono. Nikafikiri, nikauliza vizuri. "Mpaka siku utakayokufa wewe?"

Mara mbili.

Nilimtazama usoni. Macho yamekauka tena, yametulia, yananingoja. Sikutaka kuuliza lililobaki. Nikauliza.

"Mpaka nife mimi?"

Akabana mara moja.

Nimekirudisha chungu dirishani. Nimemgeuza ubavu wa kushoto ili akione. Mchana nimekaa kwenye cherehani, nimeshona sare mbili, na kila nikiinua macho nawakuta wote wawili, yeye na chungu, wananitazama.